Ujumbe wa Saa Saba na Dakika Ishirini

Kivaa, Masinga
30 Machi 2025

Kwako Ndunda, mwana wa kaka yangu,

Nakusalimu wewe, na kupitia kwako Waithira na mtoto kule Syokimau. Sisi huku tunaamka. Mvua ya mwezi huu ilinyesha siku mbili ikaacha. Ndengu tulizovuna Februari tumeuza, tumebakiza madebe mawili ya mbegu. Mbuzi mweusi amezaa mapacha na mmoja hataki kunyonya. Goti langu ni lilelile.

Naandika kwa kalamu kwa sababu unayoijua. Mtandao wa simu hapa kwetu uko mahali pamoja tu, juu ya lile jiwe la nyuma ya shule, na ukipanda pale unakuta watu sita wanangoja zamu, wote wana masikio. Juzi nilipanda nikupigie. Mzee mmoja akaniambia, "Sema tu, mama, sisi hatusikii." Nikashuka. Barua hii itapelekwa na dereva wa basi hadi ofisi ya vifurushi Matuu. Ukiipata kabla ya wiki mbili, umebahatika.

Habari ya Wanza uliipata. Mwanangu Mbithi alikupigia siku tulipomzika mkewe, nawe ukasema kazi ya Marsabit haikuruhusu kuondoka. Silaumu. Lakini hukusikia yote, na ninataka uyasikie kwa mpangilio.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja. Wanza alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa akiishi hapa kwangu kwa kuwa Mbithi yuko kiwandani Athi River na huja mwisho wa wiki. Saa saba mchana alianza kutoka damu, na haikuwa damu ya kusubiri. Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa mhudumu wa afya wa kijiji hiki, kwa hivyo nilijua. Nilichukua kile kifaa chenu cha setilaiti ambacho wanawake wa huku wanakiita kasimu, nikaandika: KIVAA. MAMA MIEZI 8. DAMU NYINGI. LETENI GARI. Nikabonyeza. Taa ikawa kijani. Nikatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa saba na dakika ishirini, nikaiandika kwenye daftari kama ulivyotufundisha.

Ambulensi ilifika saa kumi na moja kasoro dakika tano. Hospitali tulifika saa kumi na mbili. Mtoto alitolewa akiwa mzima, msichana. Wanza alifariki saa moja na nusu.

Jumatano iliyopita kamati ya afya iliniita mbele ya chifu. Wendy, yule msichana wa dawati lenu la Machakos, alifungua kompyuta akasoma kwamba ujumbe wa Kivaa uliingia saa kumi na dakika tano. Daftari langu linasema saa saba na ishirini. Watu wakaguna. Mmoja wa nyuma akasema, "Sasa hayo masaa yote, mama alikuwa anakunywa chai?" Wengine wakacheka, kisha wakakumbuka ni kikao cha nini.

Jeremiah ndiye mwenyekiti. Akasema, "Mama Mbithi, mashine haina sababu ya kudanganya."

"Na mimi ninayo?"

"Wewe uko na mkaza mwana aliyekufa."

Mbithi alikuwa ameketi mstari wa mbele. Alitazama daftari, akatazama kompyuta. Tangu siku hiyo ananisalimia kama anavyomsalimia jirani.

Wewe ndiwe uliyekitengeneza kifaa hiki, na ndiwe uliyekuja kutufundisha Oktoba. Waandikie kamati uwaambie ujumbe ule niliutuma saa ngapi. Sihitaji zaidi ya hapo.

Shangazi yako,
Kalondu


Marsabit
22 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Barua yako imenifikia. Natumai mwanambuzi amekubali kunyonya. Jaribu kumwekea maziwa kidoleni. Mimi ni mzima. Huku upepo hauachi, na kila kitu kisichofungwa kwa waya huenda zake. Tunawafungia wafugaji vifaa kama chako ili watoe habari za maji na magonjwa ya mifugo. Waithira anakusalimu. Mtoto ameanza chekechea na amekwisha kumng'ata mwenzake.

Kuhusu Wanza nimekosa maneno, na sitajaribu kuyatafuta hapa.

Uliuliza kuhusu ujumbe. Nitakueleza jinsi mambo yalivyo. Setilaiti tunazotumia ni chache, na hakuna inayokaa juu ya Kivaa. Kila moja hupita kwa dakika sita hadi tisa, kisha anga huwa tupu mpaka ije nyingine. Wakati anga ni tupu, kifaa hushika ujumbe kikangoja. Nimeangalia mapito ya siku ile. Setilaiti moja ilipita saa saba na dakika mbili. Iliyofuata ilipita saa nane na dakika arobaini, lakini ilikuwa chini sana upande wa magharibi, na kilima cha Kivaa kiliikinga. Ya tatu ilipita juu kabisa, saa kumi na dakika tano. Hiyo ndiyo iliyochukua ujumbe wako.

Kwa hivyo ujumbe uliandikwa wakati wowote kati ya ile ya kwanza na ile ya tatu. Rekodi ya ofisi huanza pale setilaiti inapopokea. Yaliyotangulia ofisi haiyaoni, na haiwezi kuthibitisha kwamba ilikuwa saa saba na ishirini. Haiwezi pia kuthibitisha kwamba haikuwa.

Nilitaka kuwaandikia kamati hayo machache. Nimeshauriwa nisiandike chochote kwa sasa, kwa kuwa kampuni iko katika mazungumzo na kaunti nyingine.

Nina swali. Kasimu kile kiko wapi sasa, na nani anakitumia? Kama bado kiko kwako, kizime ukifungie sandukuni, usimpe mtu. Sababu nitakueleza baadaye.

Msalimie Mbithi.

Ni mimi,
Ndunda


Kivaa
11 Mei 2025

Ndunda,

Salamu zako zilifika tarehe sita. Yule mwanambuzi alikufa kabla ya ushauri wako. Mwenzake anaendelea vizuri na ni mkorofi. Mvua imekwisha kwenda, mahindi yamesimama kimo cha goti na hayataongeza. Kanisani tumepata kasisi mpya ambaye hahubiri zaidi ya dakika ishirini, na wazee wanasema hana elimu.

Kasimu hakipo kwangu. Kamati iliniagiza nikikabidhi, nami nikakikabidhi tarehe mbili Aprili, pamoja na chaja na mfuko wake, nikatia sahihi. Sasa anacho Peris, binti wa yule fundi cherehani. Ni msichana mwema na ana bidii. Dawati limemwagiza atume HALI SHWARI kila asubuhi na kila jioni, hata kama hakuna mgonjwa, na mchana akitembelea nyumba anatuma tena. Sikuwa na sababu ya kumnyima kifaa. Laiti ungeniambia sababu yako, ningekuwa nayo.

Nimesoma maelezo yako mara tatu. Setilaiti hazikai, zinapita. Kilima kinazikinga. Hayo nimeyaelewa, na nashangaa kwamba nimeyajua baada ya kuzika mtu. Oktoba tulikuwa wanawake kumi na wawili ndani ya darasa la nne, nawe ulisimama mbele na chaki. Nimefungua daftari langu la siku hiyo. Maneno yako niliyaandika hivi: "Taa ya manjano, subiri. Taa ya kijani, tulia." Hukutaja anga tupu, wala kilima, na unakijua vizuri kwa sababu ulichunga mbuzi juu yake mpaka ulipoingia sekondari.

Taa yangu ilikaa manjano muda wa kuhesabu tatu, kisha ikawa kijani. Wewe unasema saa hiyo hapakuwa na setilaiti. Basi taa ilikuwa inamjibu nani?

Jibu swali hilo. Mengine yanaweza kungoja.

Mbithi alimchukua mtoto wiki ya Pasaka akampeleka Wamunyu kwa mama yake Wanza. Alisema huko kuna maziwa ya ng'ombe na watu wengi wa kumbeba. Ni kweli, huko kuna watu wengi. Unajua desturi yetu, kwamba msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Mtoto huyu ana miezi miwili leo na bado anaitwa "mtoto". Nikiuliza, Mbithi anasema, "Tutaona, mama." Sokoni nikisimama kununua nyanya, mazungumzo yanabadilika yanakuwa ya mvua.

Shangazi yako,
Kalondu


Marsabit
5 Juni 2025

Shangazi,

Natumai afya ni njema na goti limetulia. Hapa tuko sawa. Nilipata homa wiki mbili, ndiyo sababu ya kuchelewa, au sehemu yake.

Pamoja na barua hii nimetuma kifurushi. Kina blanketi mbili za mtoto, soksi, na kofia ya sufu ambayo Waithira ameifuma mwenyewe. Tafadhali viende Wamunyu.

Nimewaomba watu wa dawati wamwambie Peris aache kutuma zile HALI SHWARI. Wamekataa. Kila ujumbe unahesabiwa katika ripoti ya matumizi, na ripoti hiyo ndiyo inayopelekwa kaunti ile nyingine.

Swali lako kuhusu taa nimelisoma.

Msalimie Mbithi.

Ndunda


Kivaa
26 Juni 2025

Ndunda,

Tu wazima. Baridi imeingia.

Nilikuuliza swali ukanitumia blanketi. Zimekwenda Wamunyu, na mama yake Wanza anashukuru. Nilizipeleka mwenyewe. Mtoto anacheka sasa. Nilimshika muda wa kutosha kuona kwamba ana kidevu cha Mbithi, kisha shangazi zake wakaja wakampokea kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, mpaka akawa upande wa pili wa chumba.

Jana nilimuuliza Peris ametuma ujumbe mara ngapi tangu akabidhiwe kasimu. Kinajihesabu chenyewe, akaniangalizia. Mara mia mbili na arobaini na moja. Akaniuliza nataka kujua kwa nini. Nikamwambia sijui, ila kuna mtu Marsabit anayejua.

Wewe nilikulea tangu ulipokuwa na miaka sita. Ulipovunja kitu ulikuwa unaanza kufagia uwanja bila kutumwa. Mimi nikiona uwanja umefagiwa, naingia ndani kutafuta kilichovunjika. Haya, umefagia vya kutosha.

Sitaandika tena mpaka unijibu.

Kalondu


Syokimau
13 Julai 2025

Shangazi,

Niko nyumbani. Waithira na mtoto ni wazima. Marsabit nimeondoka, na sababu yake utaikuta chini.

Taa ilikuwa haimjibu mtu. Inakuwa kijani kifaa kikishahifadhi ujumbe ndani yake chenyewe, basi. Haingoji setilaiti. Nimeifanya hivyo mimi.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Mwaka wa 2023 tulijaribu vifaa vinane Kalama. Wakati huo taa ilibaki manjano mpaka setilaiti ipokee ujumbe na kurudisha jibu, na hapo tu ndipo ilipogeuka. Tatizo lilikuwa kwamba watu hawakuweza kuikalia taa ya manjano. Walibonyeza, wakangoja kidogo, wakabonyeza tena. Asubuhi moja mama anayeitwa Mukai alituma ujumbe mmoja mara kumi na nne kuhusu mtoto aliyeungua kwa uji. Setilaiti ilipofika, dakika zake sita zikaliwa na nakala zile kumi na nne, na ujumbe wa nyumba nyingine ukabaki nje. Meneja akaniambia, "Hawa watu wanataka kutulizwa. Watulize."

Nilibadilisha mstari mmoja wa maagizo ya kifaa. Ilikuwa kazi ya alasiri moja. Kuanzia wiki iliyofuata watu walibonyeza mara moja tu, wakaweka kifaa chini. Tulichora grafu tukaionyesha mkutanoni, watu wakapiga makofi, nami nikapandishwa cheo. Mukai peke yake ndiye aliyeniuliza kwa nini taa imekuwa na haraka hivyo. Nilimwambia mtambo umeboreshwa.

Nilijua kijani kile ni uongo. Nilijiambia ni uongo wa dakika chache. Kwa hesabu zetu za mwaka ule, setilaiti zilipokuwa nyingi kuliko sasa, Kalama nafasi tupu ndefu zaidi ilikuwa dakika arobaini. Septemba, kabla sijaja kuwafundisha, nilipiga hesabu ya Kivaa nikiingiza kilima. Ikatoka karibu saa tatu, mara mbili kwa siku. Nilitengeneza ratiba ya mapito ili kila mmoja wenu aibandike ukutani. Dawati likasema mkiiona ratiba mtakata tamaa na kifaa mtakiacha. Sikubishana. Niliiacha kwenye faili nikaja na chaki.

Sasa lile jambo ambalo sikutaka kulisema. Kifaa chenyewe hukumbuka saa uliyobonyeza. Ofisi haina saa hiyo, kifaa kinayo. Lakini kumbukumbu yake hushika ujumbe mia mbili tu, na wa mia mbili na moja hufuta ule wa zamani kuliko wote. Barua yako ya kwanza niliipokea tarehe kumi na nne Aprili. Saa yako, saba na dakika ishirini, ilikuwa bado imo. Kwa mwendo wa Peris ilikuwa na siku hamsini hivi za kuishi. Kutoka Marsabit hadi Kivaa, ukibadilisha magari Nairobi, ni safari ya siku moja na nusu. Ningekuja na kompyuta na waya mmoja, ningemaliza kazi kwa dakika kumi mbele ya kamati. Nilikuandikia badala yake nikakuomba ukifungie sandukuni, nikitumaini ungefanya bila mimi kusema. Uliponiambia anacho Peris, nilikaa na barua yako karibu wiki mbili. Niliijibu tarehe tano Juni. Nilifanya hesabu tena juzi: saa yako ilifutwa tarehe sita au saba.

Kwa hivyo siwezi kukuletea ushahidi. Ninachoweza kuleta ni neno langu. Nimeandika taarifa ya kurasa nne, nimeeleza taa, ratiba, kilima na kumbukumbu, nimeapa mbele ya wakili na kutia sahihi. Nakala moja imekwenda kwa kamati yenu, moja kwa chifu, moja kwa ofisi ya afya ya kaunti, na moja kwa mwajiri wangu. Mwajiri ameniachisha kazi siku hiyohiyo, na ananiandikia barua kuhusu siri za kampuni. Wafugaji wa Marsabit wanacho kifaa chenye taa ileile. Nimewaeleza niliowafikia.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Nimekwisha kukuomba vitu vingi tangu nikiwa na miaka sita.

Ndunda


Kivaa
10 Agosti 2025

Ndunda, mwana wa kaka yangu,

Msalimie Waithira, na umwambie kofia inamkaa mtoto vizuri. Hapa tu wazima. Kunde zimetupa majani mengi na punje chache. Kuku saba wamekufa kwa kideri. Goti linanisumbua zaidi asubuhi.

Taarifa yako ilisomwa kwenye kikao cha tarehe thelathini Julai. Jeremiah aliisoma mwenyewe, kurasa zote nne, akikwama kwenye maneno ya kitaalamu na kurudia. Alipomaliza alivua miwani akasema, "Basi mama alisema ukweli." Watu wakapiga makofi. Yule aliyesema mambo ya chai alikuja kunishika mkono, akanishikilia muda mrefu kama vile mimi ndiye niliyefiwa siku hiyo. Wamenirudishia kazi. Niliwaambia kasimu abaki nacho Peris, mimi nitatembea naye. Nimemwekea sheria moja: taa iwe rangi yoyote, ukibonyeza, hesabu nusu saa. Kama hujasikia gari, pakia mgonjwa kwenye chochote chenye magurudumu.

Umeandika kurasa nne kuonyesha kwamba taa ilinidanganya. Ni kweli, mpaka saa nane na robo.

Saa nane na robo Kibe alisimamisha pikapu yake langoni kwangu. Unamjua Kibe, yule mfanyabiashara wa Yatta anayenunua ndengu huku. Alikuwa na shehena ya magunia, anaelekea Matuu. Alisikia Wanza akilia akazima injini. Akashuka akaniambia, "Mama Mbithi, nishushe magunia?"

Unapaswa kujua nilichokuwa nimesema Januari. Kwenye baraza la mwaka mpya nilisimama nikainua kasimu juu, nikasema mwanamke wa Kivaa hatalazwa tena juu ya magunia ya ndengu kama bidhaa. Nilisema hivyo Kibe akiwa amesimama pale. Watu walimcheka, naye akacheka, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akiwabeba miaka yote kabla ya kasimu.

Nikamwambia, "Taa ni kijani, Kibe. Gari linakuja. Wewe endelea na safari yako."

Akasema, "Kushusha ni dakika kumi tu."

Nikamwambia, "Nimesema gari linakuja."

Saa hiyo nilikuwa nimeanza kushuku. Dakika hamsini na tano zilikuwa zimepita, na ambulensi ya kaunti hii haichukui zaidi ya dakika hamsini kufika Kivaa. Nilishuku, na nilimtazama yule mtu, nikaona nikimwacha ashushe gunia la kwanza kijiji kizima kitakuwa na habari kabla ya jioni. Akangoja kidogo. Kisha akaingia garini akaondoka polepole, nadhani ili nimwite.

Machi nilipoitwa mbele ya kamati, Kibe alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakusema neno. Hata Julai hakusema. Daftari langu limeandika saa saba na ishirini na saa kumi na moja kasoro tano. Saa nane na robo haimo. Hiyo haikufutwa na kifaa chochote.

Jumapili iliyopita Mbithi alikuja. Alikuwa ameisoma taarifa yako. Jeremiah alimpa nakala. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani, akaniita mwaitu, mama yangu, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Akasema Jumamosi watamleta mtoto kutoka Wamunyu, na kwamba mbele ya watu ataitwa Kalondu.

Nilikuwa na maziwa jikoni. Niliyaondoa motoni ili yasimwagike, nikarudi nikakaa mbele yake, nikamweleza habari ya Kibe yote kama nilivyokueleza wewe. Sikutia neno la kujitetea, na sikutia neno la kujilaumu, kwa sababu angelazimika kunijibu.

Aliuliza swali moja. "Mpaka hospitali, na pikapu ya Kibe, ni muda gani?"

Nikamwambia saa moja na dakika kumi, barabara ikiwa kavu.

"Na ilikuwa kavu?"

"Ilikuwa kavu."

Alihesabu kwa vidole juu ya goti. Chai hakuinywa.

Jumamosi aliyoitaja ilikuwa jana. Nilikuwa nimevaa tangu asubuhi, na usiku nikavua bila lango kufunguliwa.

Shangazi yako,
Kalondu